Rafu ya Marcel Katika Boti ya Faiba

Pale Nkome, kando ya ziwa upande wa Geita, ilikuwa shida kupata nyumba isiyo na kitu cha Marcel Bujiku. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza, na kila alichokimaliza alikipanda akarukaruka juu yake ili mteja aone uimara. Majeneza peke yake ndiyo aliyoyahurumia.

Mwaka wa sabini na nne, Shaaban, muuza nguo na sabuni, alinunua boti ndogo ya tanga kwa Mzungu aliyekuwa akihama Mwanza. Ilikuwa ya faiba, ubavu mwembamba. Akataka iwekwe rafu ya vyombo ndani.

"Hiyo kazi ya kabla ya chai," Marcel akasema.

Alitoboa ubavu kwa keekee, akakaza skrubu, kisha akaning'inia kwenye rafu kama desturi yake. Rafu ikabanduka, naye akaketi ndani ya tenga la dagaa. Kesho yake akaja na skrubu ndefu. Hizo zilishika barabara, kwa sababu zilitokea upande wa pili. Boti iliposukumwa majini, maji yakaanza kuchuruzika.

"Fundi," Shaaban akasema huku akikunja suruali, "mimi niliomba rafu. Bomba umeniongezea?"

Habari zilimtangulia Marcel nyumbani. Mkewe Paskalina, fundi cherehani, alikuwa akishona vifungo vya blauzi.

"Baba Onesmo, pole na bomba."

"Faiba ile haina nyama, Mama Onesmo! Skrubu haipati pa kung'ata."

Paskalina alicheka hadi akaweka sindano chini. "Kitambaa chepesi nacho hakishiki kifungo. Mimi natia kiraka nyuma kwanza, kifungo nakishona hapo."

"Boti si blauzi," Marcel akajibu kwa hasira, lakini ugali hakuumaliza. Alirudi ufukweni.

Mzungu alikuwa ameacha kopo la gundi ya faiba, dawa ya kuigandisha, na robota la kitambaa cha nyuzi za kioo ambalo Shaaban alilifanya mto. Gundi ya kwanza Marcel aliizidishia dawa, ikaganda koponi na brashi imesimama katikati. Ya pili aliipima kwa adabu. Alikwangua ubavu kwa msasa hadi ukakwaruza, akapangusa vumbi, akabandika vibao vipana vya mninga, akavifunika kingo kwa kitambaa kilicholoweshwa gundi. Matundu yake ya aibu akayaziba vilevile. Zile nyuzi zilimwasha, akawa anajikuna hata kanisani.

Gundi ilipokauka, alikaza skrubu fupi kwenye vibao, faiba hakuigusa. Akaning'inia. Rafu haikutikisika.

Shaaban alivuka hadi kisiwa cha Kome katika upepo mkali. Vikombe viwili vilivunjika, rafu ikarudi nzima. Wenye boti wengine wakaanza kumtafuta Marcel. Wakimuuliza ujuzi ule aliupata wapi, alijibu kwamba ni kichwa chake tu. Paskalina akiwa karibu, Marcel aliongeza, "Na kidogo kwa mafundi wenzangu."