Tundu la Baridi Juu ya Kitanda cha Mama

Mama yangu hajapotewa na akili. Naanza hapo kwa sababu wako watu, na wengine ni damu yangu, ambao mpaka leo wakimwona huinama na kumsemesha polepole, kwa sauti kubwa, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu. Chanzo cha hayo yote ni tundu la kutolea baridi lililowekwa pasipostahili na watu wawili ambao hawakutaka kumsikiliza.

Tulikuwa tunajenga Mabela, mtaa mpya nje ya mji, mimi na kaka yangu mkubwa. Mama alikuja Omani kutoka Unguja na kaka akiwa bado wa kubebwa. Mimi nimezaliwa huku. Maisha yetu yote tuliishi Mutrah, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya bandari, ambako kila chumba kilikuwa na kiyoyozi chake cha dirishani. Vilikuwa vikinguruma kama magari mabovu, lakini mama alikuwa na chake. Akitaka anawasha, hataki anazima, na hakuna aliyemuuliza.

Kwenye nyumba mpya kaka hakutaka kuona mashine yoyote ukutani. Alitaka baridi ya darini, kama ya hotelini: mashine zimefichwa, mabomba mapana yanapita juu ya dari, na chumbani huoni kitu isipokuwa tundu lenye vijibati vyeupe. Mimi sikuwa na ugomvi na hilo. Nikamwambia tu kwamba matundu hayo yakishawekwa na dari ikafungwa, hayahami kama meza, kwa hiyo tukae tupange vizuri.

Siku ya kupanga, kuta zilikuwa zimeshapigwa plasta na juu kuko wazi. Mama alitaka aje, tukamchukua. Injinia alikuwa kijana nadhifu, ramani mkononi, na tangu tulipoingia alizungumza na kaka tu, kwa Kiarabu. Tulianza majlis, chumba cha wageni wanaume. Pale walikaa, wallahi, mpaka miguu ikaniuma. Mgeni mkubwa atakaa wapi? Upepo usimpige usoni. Waliokaa pembeni wasione joto. Bomba likakunjwa hapa, likakunjwa na kule, matundu yakasogezwa kwenye ramani na kurudishwa, yote hayo kwa ajili ya watu wanaokuja Idi na msibani.

Kisha tukaingia chumba cha mama. Injinia hakufika hata katikati. Akanyoosha kalamu juu na kusema, tundu litakaa hapa.

Mama akatazama juu, akatazama chini. "Kitanda changu kitakaa wapi?"

"Hapo hapo ulipo, mama," kaka akamjibu. "Kabati la ukutani liko kule, mlango uko huku. Kitanda hakina pengine."

"Basi hilo tundu litakuwa utosini kwangu."

"Litakuwa juu, mama. Mbali."

"Juu si mbali. Baridi inashuka. Lipelekeni kule dirishani. Jua la alasiri linapiga pale, na joto litaingilia pale. Baridi yenu ipigane na joto huko huko, mie mniache nilale. Upepo wa kichwani siuwezi, nnaumwa."

Nilidhani jambo limekwisha. Mtu mwenye chumba amesema, na alichosema kina maana hata kwa asiyejua ufundi wowote. Kaka akamfasiria injinia kwa Kiarabu. Injinia akatabasamu, akamjibu kaka. Mashine ya chumba hiki, alisema, itakaa juu ya dari ya choo, nayo italisha chumba cha mama pamoja na sebule ndogo ya jirani. Bomba likipelekwa mpaka dirishani litarefuka, likunje kona, na nguvu ya hewa ipungue. "Mwambie hajja asiwe na wasiwasi," akamaliza. "Atazoea."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Amesimama mbele yako, na Kiarabu anakijua tangu wewe hujazaliwa."

Kaka alinitazama kwa jicho kali. Sikunyamaza. Nikamuuliza injinia mbona majlis bomba limekunjwa na hakusema nguvu itapungua. Kaka ndiye aliyejibu, tena kwa Kiswahili ili injinia asielewe: "Majlis ni majlis. Usinitie haya mbele ya watu." Injinia akachora duara lake dogo, wakaenda chumba kingine. Mama alibaki amesimama peke yake chini ya lile duara, mkoba wake mkononi, mpaka nikamshika mkono tukatoka.

Tulihamia kabla joto halijakolea. Mwanzoni mama alisema kama alivyosema siku ile: kichwa kinaniuma, sikio linanivuta. Kaka akamjibu kwamba ni ugeni wa nyumba. Mama akaongeza blanketi. Mwili wake ukapata joto lakini kichwa kikabaki kinapigwa. Ilipoingia miezi ya joto, ambapo hata maji ya bombani yanatoka ya moto, mama alikuwa analala na kofia ya sufu na mtandio umezungushwa masikioni. Kaka aliona ajabu. "Juni hii, mama?" Akacheka, na mkewe akacheka.

Masikio yakiwa yamefungwa hivyo, ukimwita mama kutoka jikoni hasikii. Mkewe kaka akaanza kusema, "Siku hizi ukimsemesha, hayuko."

Ndipo mama akaanza kuizima mashine. Kidude cha kuwashia na kuzimia kilikuwa ukutani kwake, lakini kwa kuwa mashine ni moja, akizima chumbani na sebuleni kunakuwa tanuri. Watoto wanalia joto, kaka anakuja juu. "Nani kazima?" Mara ya kwanza mama alisema, "Mie." Mara ya pili alisema, "Mie, na nimekwambieni kwa nini." Baadaye alichoka kujibu. Alikuwa anawatazama tu na kurudi chumbani. Na hilo nalo likahesabiwa: ati anafanya jambo halafu halikumbuki.

Mwishowe mama akaamua kulifunga tundu lenyewe. Dada wa kazi, msichana kutoka Uganda, alimshikia ngazi, na mama, kwa umri wake, akapanda na kuzijaza kanga mbili mle ndani. Alilala vizuri siku chache. Lakini baridi ikizuiwa, bomba linatoka jasho, na jasho halina pa kwenda. Dari ikaanza kulowa, ikatoa doa la rangi ya chai, kisha ikadondosha maji juu ya mto.

Kaka alipoona doa kwenye dari yake mpya, alimwita yule dada kwanza na kumfokea.

"Baba, mimi nilishika ngazi tu," alisema yule msichana, mikono nyuma. "Mama alisema kichwa kinamsumbua. Ningemwacha aanguke?"

Kaka akamwacha, akageukia upande mwingine. Siku ile ile, nikiwa nimekaa hapo hapo sebuleni na madaftari ya wanafunzi wangu, nilimsikia akimpigia simu shangazi, kisha binamu, kisha mtu mwengine. "Bi mkubwa akili zimeanza kwenda. Anapanda ngazi, anatia nguo kwenye kiyoyozi. Ndiyo uzee. Tumwombee." Alisema kwa huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Alikuwa anamlilia mama aliye mzima. Nikamwambia, "Mama ana baridi. Hana kitu chengine." Akanipungia mkono nimwache azungumze.

Akampeleka kwa daktari wa mambo ya kusahau, nami nikaenda. Daktari alikuwa mpole. Alimuuliza mama leo tarehe ngapi.

"Ya Kiarabu au ya kizungu?" mama akauliza.

Akazitaja zote mbili. Akataja majina ya wajukuu kwa mfuatano wa kuzaliwa, akarudisha maneno aliyoambiwa akumbuke, na alipoulizwa kama ana shida yoyote, akavua mtandio na kumwonyesha sikio. Lilikuwa jekundu. Daktari akamwandikia dawa ya sikio na akasema kumbukumbu yake haina kasoro. Garini, tukirudi, kaka akasema mwanzoni huwa vigumu kuona dalili. Mama alikuwa kiti cha mbele, ubavuni kwake, anasikia kila neno! Nilitaka kushuka nitembee kwa miguu kwenye lile jua.

Tulipofika nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Zile kanga zilikuwa zimeshatolewa. Nikavua mtandio, nikalala kitandani pake, kichwa mahali pa kichwa chake. Kwanza kulikuwa na raha, maana nimetoka juani. Kisha paji la uso likaanza kukaza. Kisha jicho likakauka na maumivu yakaingia nyuma ya sikio na kushuka shingoni. Nilijilazimisha nisigeuke, nikawaza kwamba huyu mtu wa umri ule amelala hapa tangu tuhamie, akasema, akarudia kusema, na sisi tukampeleka kwa daktari kuuliza kama anajua tarehe.

Nilitoka nikamkuta kaka anakunywa maji. "Njoo ulale kwa mama."

"Nilale ya nini? Mie si mgonjwa."

"Na mama si mgonjwa. Njoo ulale."

Labda ni sauti yangu iliyomfanya aje. Alilala na kanzu yake, kofia nikamvua mwenyewe. Nikavuta kiti nikakaa mlangoni. Alikaza kwa ukaidi, macho darini. Baadaye akageuka ubavu. Kisha mkono ukapanda ukafunika sikio. Aliponyoosha mkono kuchukua mto ajifunike, nikamnyang'anya.

"Mama hana mto wa pili," nikamwambia.

Akainuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasugua shingo. "Inavuma kweli," akasema. Basi. Maneno mawili hayo ndiyo yote niliyopata kwake.

Injinia aliitwa. Alikuja na kipande cha plastiki cha kubandika chini ya tundu ili upepo uende upande. Mama, ambaye safari hii nilihakikisha amekaa kwenye kiti katikati ya chumba na sote tumesimama, alikishika, akakigeuza, akamrudishia. Akamwambia kwa Kiarabu safi, taratibu: "Sikitaki hiki, mwanangu. Nataka lile tundu liondoke pale liende dirishani, kama nilivyokwambia."

Yule kijana alifungua mdomo kusema habari ya bomba kurefuka. Akamwangalia kaka. Kaka akaangalia sakafu. "Sawa, hajja," injinia akasema.

Mafundi walikuja, wakakata dari, wakaunga bomba laini la rangi ya fedha kutoka juu ya choo, wakalipitisha mpaka dirishani na kulimalizia kwa tundu refu jembamba linalotelemsha hewa kwenye kioo chenyewe. Tundu la zamani wakaliziba na kupiga rangi. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja! Mchana walikuwa wameshafagia. Nilisimama pale nikiitazama dari kwa hasira, na fundi mmoja akadhani kuna kitu hakikunipendeza, akaniuliza kama rangi haikulingana.

Alasiri yake jua lilipiga dirisha kama kawaida na chumba kikabaki baridi. Sebuleni hakuna aliyelalamika, nguvu ya hewa haikupungua popote. Mama alivua kofia ya sufu, na sikio likapona. Akiitwa kutoka jikoni, anaitika.

Ningependa kusema mambo yakaishia hapo. Nilimwambia kaka awapigie tena wale wote aliowapigia. "Waambie ulikosea. Waambie ilikuwa baridi tu." Akasema watu watasahau wenyewe. Nikamrudia tena na tena. Akaniambia nimekuwa mtu wa kushikilia vitu vidogo. Nikawapigia mimi. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni vigumu kukubali, mwanangu. Na mie kwa mama yangu nilikuwa hivo hivo."

Miezi ya baridi ilipoingia, ukoo mzima tulikwenda Yiti kula samaki ufukweni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kisu mkononi, anapara samaki aina ya changu huku akimweleza mjukuu namna ya kuupasua mgongo bila kuharibu nyama. Binamu yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili na kile kisu ndani yake.

"Mama mkubwa!" akapiga kelele. "Wa-ni-ju-a? Mie nani?"

Mkeka mzima wakageuka kutazama. Nilimtafuta kaka kwa macho. Alikuwa kwenye makaa, anapepea, amesikia vizuri, na hakugeuka.

Mama akamtaja binamu jina lake, la baba yake na la babu yake. "Niachie mikono," akamwambia, "hiki kisu kitakukata."

Binamu akainuka, macho yamemlengalenga. Akanijia, akaniwekea mkono begani, akaninong'oneza: "Alhamdulillahi, leo kaamka vizuri."

Niliutoa mkono wake begani kwangu. Nikaenda nikakaa mkekani kwa mama, nikachukua samaki wa pili nikaanza kumpara, magamba yananirukia usoni.