Filamu Iliyongoja Ruhusa ya Mama

Mwongozaji wangu alipofariki nilikasirika. Nililia pia, tena sana, lakini hasira ndiyo iliyotangulia. Aliniachia filamu iliyobaki kidogo tu kukamilika, na hapa Kisangani hakuna mwongozaji mwingine ninayeweza kumvumilia. Wengine wanaingia studio yangu na flashi mkononi: "Tantine, weka muziki kila fasi." Yeye alikuwa anakaa kando yangu, kimya, halafu anasema, "Bon, sasa toa muziki yote." Nilimchukia kwa dakika tano, kisha naona ana haki.

Mimi ni mhariri. Ninachokula kinatoka kwenye video za harusi, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye kazi zake. Kwa wavuvi wa maporomoko alikwenda kwanza mikono mitupu, bila kamera, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea na kuanza kumtuma awaletee kamba. Hapo ndipo aliporudi na kamera, na hakuna aliyeshtuka.

Na alikuwa na sheria moja: mtu aliyepigwa picha anaitazama filamu kabla ya wote, na akikataa, inakatwa. Mvuvi mmoja alijiona anamfokea mkewe, akaona aibu, akakataa. Lilikuwa tukio zuri kuliko yote. Nilimsihi mwongozaji wangu tuliache ndani. "Sura ni yake, haiko yetu," akanijibu. Nikakata, huku nikimtukana, naye anacheka tu. Sijawahi kumwambia kwamba siku ile nilimheshimu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Yeye mwenyewe hakutaka kuonekana wala kusikika. Kivuli chake kikiingia, tunakata. Akikohoa, tunakata. Alitaka watu wasahau kwamba kuna mtu aliyeshika kamera, na kazi hiyo nilikuwa naifanya vizuri.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya mama yake, anayeuza samaki wa kukaushwa kutoka Isangi. Jamaa walitaka ionyeshwe siku ya kumaliza matanga. Lakini mama alikuwa hajaiona. Akikataa, kazi yote ya mwanawe wa pekee inaingia kabatini. Wenzangu waliniambia niionyeshe tu, sheria imekufa na mwenyewe. Niliwafukuza. Sikuweza kuvunja sheria ya mtu ambaye hawezi tena kunizuia.

Mama alikuja alasiri, amevaa liputa yake nzuri ya kitenge na kujipaka mafuta usoni. Niliwasha jenereta, nikafunga pazia. Alicheka alipojiona akibishana bei bandarini. Kisha akaanza kuinama, mara kushoto mara kulia, akichungulia pembe za skrini. Nilidhani macho yanamsumbua. Filamu ilipokwisha, akanigeukia.

"Na mutoto yangu iko wapi?"

"Mama, yeye ndio alikuwa anakamata kamera."

"Najua. Nilikuya kumuona."

Nikamwambia kwamba filamu nzima ni macho yake, kwamba yeye yumo kila mahali. Maneno matupu, ya kusemea watu wenye suti. Mama akaionyesha skrini kwa kidole.

"Humu niko peke yangu," akasema. "Mimi sikukuwa peke yangu. Alikuwa na mimi kila siku. Hii ni bongo, inadanganya watu. Siitaki."

Akajifunga liputa, akaenda. Nilibaki nimekaa kama mtu aliyepigwa kofi.

Asubuhi yake nilifungua picha zote tulizozitupa, nikavaa vifaa vya masikioni. Nilimsikia mwongozaji wangu akipumua. Nilimsikia akimtukana mbu. Halafu nikafika uani kwao: mama yuko mbali, karibu na moto, anaita, "Kuya kula! Lituma inapoa!" Anaita tena. Anasonya. "Huyu mutoto hasikiaka!" Na hapo, mdomo ukiwa karibu kabisa na kamera, chini chini ili mama asisikie na kuacha anachofanya, sauti ya mwanawe: "Nakuya, mama. Acha nimalize kwanza."

Nilikuwa nimeikata mwenyewe, kwa ustadi alionifundisha. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa tena.

Niliirudisha sauti ile mahali pake, pamoja na pumzi zake na matusi yake kwa mbu, kisha nikamwita mama. Safari hii hakuinama. Alikaa wima, mikono magotini. Kwenye mbu alitabasamu. Ilipofika uani, alijisikia akiita, akajisikia akisonya. Kisha akaisikia ile sauti ndogo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Alikuwa anajibu?"

"Kila mara, mama. Nimesikiliza zote."

"Miaka yote nilizania hanisikiaka." Machozi yalimtoka, asiyafute. "Kila siku namugombeza, kumbe anajibu."

Nilimuuliza, kwa woga, kama naweza kuionyesha sasa. Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alisogeza kiti karibu na spika, akaweka kiganja juu yake, akaongea kwa upole, akimwita mwanawe papa, yaani baba, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Maliza tu, papa. Sitakuita tena."