Mlango wa Kushoto
Fundi wa milango pale kiwandani ameunganisha pikapu zenye pua ya mraba, kisha mabasi, na sasa haya magari laini kama sabuni, na yote huyakagua kwa sikio: hufumba macho, hubamiza mlango, husikiliza. Mjane wa mwenzake alimpelekea pikapu kuukuu ya marehemu, ambayo fundi na marehemu waliifungia milango kiwandani, fundi wa kulia, marehemu wa kushoto. Wa kulia ulifungika kimya. Wa kushoto ukakohoa.

"Shemeji, hii kazi ya mumeo! Saa ya chakula ikikaribia, yule hakazi kitu." Akachomoa spana. "Sasa hivi huu mlango utanyamaza."

Mjane akafunika bawaba kwa kiganja. "Mungu amrehemu. Usiguse alipokaza yeye."

Fundi akarudisha spana mfukoni, akamwomba mjane aufunge tena ule mlango, apate kuusikia.