Redio Zilizokuja na Chaji

Mtaani walimwita Fundi, na mumewe wakambatiza Antena kwa ule urefu wake. Biashara yao ilikuwa redio za upepo, zile za mkononi ambazo walinzi na wasimamizi wa ujenzi hutembea nazo kiunoni. Mpya hazishikiki kwa bei, kwa hiyo Fundi alisubiri ofisi za serikali zitoe zilizochakaa, akanunua kasha zima, akazifufua na kuziuza. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kazi hiyo. Akiitikisa redio sikioni alijua kama imewahi kuingia maji.

Mtunza ghala wa serikali, mzee mwenye maneno mengi, kwa kawaida hakumwachia mtu aondoke bila soga. Safari hii alimsukumia Fundi kasha huku macho yake yako langoni.

"Chukua, mwanangu, nenda nalo," alisema.

Fundi akadhani mzee ana yake nyumbani.

Walipofika dukani akalifungua kasha mezani, akawasha redio ya kwanza. Ikawaka. Akawasha ya pili, nayo ikawaka, taa ya betri ikiwa kijani tupu.

"Antena, njoo uone. Redio ya mtumba huja imekufa. Hizi zimetoka kwenye chaja juzijuzi."

"Sasa unalalamika? Bahati imetuangukia, wewe unatafuta kasoro."

"Silalamiki. Nasema tu."

Wala chaneli za zamani hazikuwa zimefutwa, jambo ambalo mafundi wa serikali hawalisahau. Fundi aliguna, lakini kazi ni kazi. Akampa mumewe redio moja wajaribu umbali, kama walivyozoea: yeye anabaki mezani, Antena anatembea na barabara hadi sauti ikatike. Redio ya tatu akaiacha inawaka kwenye chaneli nyingine, asikie kama spika yake inakwaruza.

"Niko duka la dawa. Unanipata?"

"Nakupata vizuri. Songa mbele."

"Nimefika kituo cha mafuta. Hapa kuna kijua cha kukaangia mtu. Unanipata?"

Kabla hajajibu, ile redio ya tatu ikazungumza. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, kama ya mtu anayesoma mita ya maji.

"Mrefu wa shati la kijani kafika kituo cha mafuta. Anayo moja mkononi."

"Na mwanamke?" ikauliza sauti nyingine.

"Yuko mezani. Mlango uko wazi."

Fundi hakugeuza kichwa. Kwa pembe ya jicho aliona ng'ambo ya barabara: kinyozi anafagia nywele, mama mmoja anaanika nguo, gari jeupe limeegeshwa kivulini, vioo vimefungwa katika joto lile. Alitamani kumpigia mumewe kelele arudi, lakini wanaowaona hivi, bila shaka walikuwa wanawasikia pia. Akabonyeza kitufe, akailegeza sauti.

"Baba, hebu rudi. Mama kafika, anakuulizia."

Mama yake Fundi alikuwa kaburini miaka mingi, na Antena mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Redio ikabaki na mvumo wa upepo tu.

"Mwambie mkwewe anakuja," Antena akajibu mwishowe. "Asiondoke."

Alirudi mwendo wa mtu asiye na haraka. Fundi alikuwa tayari ameshazirudisha redio kwenye kasha. Hawakupata hata nafasi ya kusemezana. Gari jeupe lilisimama mlangoni, wakashuka vijana wawili waliovaa nadhifu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kuna kasha limetoka ghalani kwa makosa. Tumelifuata."

Hawakuonyesha kitambulisho, naye Fundi hakuthubutu kuuliza. Mmoja alizikagua redio, akanyoosha mkono bila neno, na Antena akamkabidhi ile aliyokuwa bado ameishikilia.

"Mlisikia chochote humo?"

"Kelele tu," Fundi alisema. "Redio zenyewe mbovu."

Kijana akatabasamu, akamgeukia Antena.

"Mama mkwe yuko wapi, tumsalimie?"

Antena akaonyesha kwa kichwa upande wa nyuma ya duka. "Amelala."

"Basi msimwamshe."

Wakaondoka na kasha. Mume na mke walikaa kwenye kiti kimoja kama wageni katika duka lao, wameshikana mikono.

Baada ya siku chache Fundi alikwenda ghalani kumuulizia mzee. Mlangoni alimkuta dada asiyemfahamu, aliyesema kwamba hajawahi kusikia habari za mzee huyo. Akaenda nyumbani kwake. Mke wa mzee alifungua mlango nusu.

"Wewe ndiye yule wa redio? Alisema ukija nikwambie usije tena."

"Yeye yuko wapi, shangazi?"

"Alitoka kwenda kazini, hajarudi," mama yule alisema, akafunga mlango polepole.

Siku hizi Fundi anatengeneza pasi na feni, na mkono wake bado mwepesi. Wasimamizi wa ujenzi wakija na redio zao zilizokufa, Antena huwapokea mlangoni na kuwaambia kwamba fundi wa redio amehama.