Shujaa Niliyemtundika Mapokezi

Naomba mnicheke polepole. Mimi ni karani katika ofisi moja ya mjini, na ugonjwa wangu ni mabango ya zamani ya filamu za Kijapani. Ninayo manne tu, na Kijapani sijui hata neno moja.

Mwezi jana, pale Adams Arcade, muuzaji wa fanicha kuukuu alivuta droo, nikaona karatasi imetandikwa ndani. Ilikuwa na picha ya mpiganaji wa Kijapani, upanga umemponyoka, uso umekunjamana kwa uchungu. Bango la filamu! Niliibeba hadi nyumbani Waithaka kama mtoto mchanga, nikaitilia fremu, nikaitundika mapokezi kazini.

Kila aliyeingia nilimsimulia. "Amechomwa kisu na rafiki yake," nilisema. Yule rafiki nilimtunga mwenyewe.

Juzi wakaja wageni kutoka Japani. Bosi akanisukuma mbele. "Omondi, hebu waeleze hiyo filamu yako!"

Nikaeleza usaliti, nikaeleza kifo, hata nikapiga goti nikijishika tumbo. Mkalimani wao, dada aitwaye Mwende, akatafsiri yote. Mgeni mmoja, mama mzee, akayasogelea maandishi ya bango, akayasoma, akafunika mdomo huku mabega yakitikisika. Kisha akamnong'oneza Mwende.

"Anasemaje?" bosi akauliza.

Mwende akanitazama kwa huruma. "Pole, kaka. Hii si filamu. Ni tangazo la dawa ya tumbo. Huyu jamaa anaharisha."

Nami bado niko chini, nimeshika tumbo, mbele ya ofisi nzima.