Mji Uliofungwa na Kitufe cha Chini

Kochi lililetwa kwa lifti ya mizigo. Lilikuwa la kijivu, la watu watatu, na mkuu wetu, sir, mwenyewe alipima hatua nne kutoka kwenye televisheni kubwa ya ukutani kisha akawaonyesha wabebaji mahali pa kuliweka. Akatuita sote, watu kumi na mmoja, akatuketisha kwa zamu na kuwasha geimu yetu. Tulitakiwa kusoma yaliyoandikwa kwenye skrini. Yasiyosomeka kutoka pale kochini, alisema, yafupishwe au yafutwe.

Zamu yangu ilipofika nilisoma kila neno. Sir akasema macho yangu hayahesabiki, kwa kuwa maandishi yale nimeshayakariri.

Naandika haya nikiwa bado na hasira naye, na ni vizuri msomaji ajue mapema, asije akaniamini kupita kiasi.

Sir alikuwa mkuu wa usanifu katika kampuni ndogo ya geimu pale Silicon Oasis, Dubai. Tulikuwa tunatengeneza geimu ya kompyuta ya aina ninayoipenda kuliko zote: ile ambayo unakuwa mtu mwingine, unatembea katika nchi ya kubuni, unazungumza na wenyeji, na maneno unayochagua ndiyo yanayoamua utaishi vipi humo. Mimi nilikuwa mjaribu. Nilicheza kutwa nzima nikitafuta hitilafu, na kila niliyoipata niliiandikia ripoti.

Geimu hizo nilizijua chuo kikuu, Kenya, kwenye mashine kuukuu ya hosteli ambayo feni yake ilinguruma kama kinu cha kusaga unga. Geimu za wakati ule zilimdharau mchezaji kidogo, na mimi nilipenda hivyo. Hazikuwa na mshale wa kukuongoza. Mwenyeji alikuambia upite kisima kilichobomoka, ushike njia ya kushoto, na ukipotea shauri yako. Karibu kila herufi ya kibodi ilikuwa na kazi. Nilikuwa na daftari la kuchorea ramani, na mhadhiri mmoja aliwahi kuninyang'anya akidhani ni mwakenya, kwamba nimeficha majibu ya mtihani humo. Alilipekua lote, akaniuliza hili pango liko kaunti gani.

Dubai nilianza kwa kuuza televisheni katika duka moja Al Barsha, na hata nilipopata kazi ya geimu niliendelea kuishi huko, chumba kimoja na mlinzi kutoka Tanga. Mji ninaotaka kuusimulia ulizaliwa kwenye jiko letu. Wiki ya kwanza nilimkuta akisonga ugali, nikamwomba kiberiti. Alinitazama, akaendelea kusonga. Nikarudia. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Wewe Mkenya umesoma mpaka chuo kikuu, hawakukufundisha kwamba mtu huamkiwa kwanza?"

Nikamuuliza, kwa dhati kabisa, salamu inaongeza nini kwenye kiberiti. Mimi ni mtu wa bara, kwetu tunaanza na shida.

"Kiberiti changu," alisema. "Na salamu yangu. Unataka kimoja, kingine unakiruka kama dimbwi?"

Nililitafakari jibu hilo kwa majuma. Kwa hiyo sir alipotaka mawazo ya mji wa pwani ndani ya geimu, nilimwandikia mji ambao hakuna mtu anayejibu swali lolote kabla hajaamkiwa. Kulikuwa na salamu kumi na moja: za mkubwa, za rika, za mfiwa, za anayekula, ya kuomba radhi ukikosea. Ziliachwa kwa Kiswahili, mchezaji ajifunze kwa kusikiliza watu wakiamkiana sokoni. Mdogo humpa mkubwa shikamoo, naye mkubwa hujibu marahaba. Kijana anayemwendea mzee na kumwanza kwa marahaba amejifanya yeye ndiye mzee. Na mji ule ulikumbuka. Ukiwavunjia heshima wakubwa watatu, habari zinakutangulia na milango inafungwa.

Sir aliyasoma hayo akiwa amesimama. Kisha akasema, mbele ya watu, kwamba mji huu ukifika mwisho wa kazi ukiwa hai, nitahama meza ya wajaribu niende meza ya waandishi. Nilikuwa na mambo mawili tu ya kutetea katika jengo lile, mji na kiti, na yote mawili yalikuwa mkononi mwake.

Halafu msambazaji akaja na sharti. Geimu itoke kwenye kompyuta, na pia kwenye konsoli, zile mashine zinazochomekwa kwenye televisheni na kuchezwa kwa padi ya mikono miwili. Sharti lenyewe halikuwa baya. Nilichokipinga ni kwamba hatukutengeneza geimu mbili. Tulitengeneza moja, ya padi, na mtu wa kompyuta akatupiwa makombo yake.

Begi la mchezaji, ambalo mwanzo ulikuwa unalipanga kwa kipanya kama sanduku la safari, likawa orodha ndefu ya kushuka nayo mstari kwa mstari. Maelekezo ya wenyeji yakafutwa, mahali pake ukawekwa mshale wa dhahabu. Kumbukumbu za safari zikawa sentensi moja yenye herufi kubwa kama za bango la barabarani. Na salamu kumi na moja zikawa nne, kwa kuwa padi ina vitufe vinne chini ya dole gumba la kulia.

Nilipeleka hoja. Nilimwonyesha kwamba anayecheza kwenye kompyuta yuko shubiri mbili kutoka kwenye skrini, na ana kibodi nzima mbele yake. Kwa nini macho ya aliyekaa mbali yawe sheria kwa aliyekaa karibu? Nilipendekeza salamu zigawanywe kurasa tatu kwa wenye padi. Sir alisikiliza nusu.

"Vitufe vinne, majibu manne," alisema. "Khalas, imekwisha."

Nyumbani sikupata mtetezi. Mlinzi wangu alikuwa na konsoli aliyonunua mtumba, na Jumamosi hiyo nilimkuta amelala chali kwenye kitanda cha chini, padi kifuani. Nilimweleza dhuluma yote. Alicheza mpaka nikamaliza.

"Kaka, mimi nasimama mlangoni kwa watu saa kumi na mbili mfululizo," alisema. "Nikirudi nataka mshale. Nikitaka kupotea nitashukia kituo nisichokijua."

Nikamwambia ndiyo maana tunatengenezewa geimu za wavivu.

"Mvivu ni nani? Wewe unayelipwa kucheza?"

Hapo alinipata. Ila swali langu halikuwa kwa nini yeye apewe mshale. Lilikuwa kwa nini mimi ninyang'anywe kisima.

Sasa nifike kwenye kitufe. Kwenye padi, kitufe cha chini ndicho cha "ndiyo, endelea". Dole gumba linakaa juu yake lenyewe, na mchezaji hukibonyeza bila kusoma. Basi sir alitaka salamu ya adabu zaidi iwekwe hapo, na akachagua marahaba.

Najua alikoitoa. Tulikuwa na dereva, mzee wa Kizanzibari ambaye jamaa zake wako Ghuba tangu zamani, na mama wa chai kutoka Morogoro. Kila asubuhi mama alimwambia, "Shikamoo, baba," na mzee akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti nzito yenye asali. Sir alipita hapo na kikombe chake kila siku. Akaamua kwamba neno lenye asali ndilo lenye heshima. Tulikuwa wasema Kiswahili watatu katika ofisi ile, na hakuuliza hata mmoja.

Niliandika ripoti: kitufe cha chini kinamfanya mchezaji awatukane wazee. Aliifunga ndani ya saa moja na kuandika chini yake kwamba ni ladha tu, haiathiri mchezo.

Lakini iliathiri. Watengenezaji walibadilisha vitufe, hawakugusa kumbukumbu ya mji. Nilijaribu mwenyewe. Marahaba tatu kwa wazee watatu, na milango ikafungwa. Nikaandika ripoti ya pili, hatua kwa hatua, na picha sita. Sijawahi kuandika ripoti safi kama ile. Kisha sikuituma. Ilikaa kwenye rasimu zangu siku tisa, na kila asubuhi niliifungua, nikaisoma, nikaifunga. Sitajitetea kwa kusema nilisahau. Kuituma ilikuwa kazi yangu na nililipwa kuifanya. Nilitaka aangukie kwenye kitufe chake mwenyewe, na watu wakiona.

Wageni wa msambazaji walikuja saa nne asubuhi, wanne, wakaketishwa kwenye viti nyuma ya kochi. Kochini alikaa sir peke yake na padi. Sisi tulisimama ukutani. Alionyesha mapigano, akaonyesha farasi, mambo yakaenda vizuri. Ndipo mgeni mmoja, mwanamke mwenye daftari, akaomba kuona mji wa pwani aliousikia.

Mshale wa dhahabu ukampeleka sir kwa mzee wa soko. Kitufe cha chini. Mzee akanyamaza. Sir akawaeleza wageni kwamba watu wa mji huu ni wapole. Akaenda kwa msuka mikeka, bibi wa miaka sabini. Kitufe cha chini. Bibi akageuza uso. Mama wa chai alikuwa ameingia na trei, akaona maandishi kwenye skrini, akanitazama mimi.

Wa tatu alikuwa nahodha mstaafu. Sir alimpa marahaba yake na kuendelea kuongea na wageni bila kutazama. Alipogeuka, komeo la kwanza lilikuwa limeshapigwa. Sauti ile niliichagua mimi, mbao juu ya mbao. Likafuata la pili, la tatu, madirisha, duka, kisha mtaa mzima. Mshale ukaendelea kuelekeza kwenye mlango uliofungwa. Sir akabonyeza kitufe cha chini mbele ya mlango. Akabonyeza tena. Alibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili mtu aelewe.

"Unaweza kuwaomba radhi?" aliuliza yule mwanamke wa daftari.

Sir akasema hapana, haiwezekani. Na kweli haikuwezekana. Salamu ya kuomba radhi ilikuwa mojawapo ya saba zilizofutwa kwenye kochi hilohilo.

Kuna furaha ambayo mtu hapaswi kuisimulia. Niliisikia pale ukutani.

Wageni walipoondoka alikuja kwenye meza yangu, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuandikia, sir. Ripoti uliifunga."

Aliitafuta hapohapo kwenye skrini yangu, akaiona, na chini yake maneno yake mwenyewe. Hakupaza sauti. Ya pili hakuiona, nami sikumwonyesha. Nilidhani sasa ataurudisha mji kama nilivyouandika. Hilo ndilo kosa langu katika hadithi hii yote: nilifikiri mtu akiaibishwa na kitu atakitengeneza.

Aliufuta. Wiki iliyofuata mji wote uliondolewa, na mahali pake pakawekwa duka moja lenye orodha ya bidhaa, ambalo mshale hufika moja kwa moja. Kiti cha mwandishi hakikutajwa tena. Na kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna kipande cha mji kilichosahaulika ndani ya geimu alinipa mimi. Kama ilikuwa makusudi, alikuwa na kipaji cha kisasi kuliko mimi.

Nilitembea mchanga ule mtupu siku mbili kwa kibodi. Uwanja wa soko haukuwapo, wala nahodha, wala mikeka. Siku ya pili, mbali upande wa kaskazini ambako hakuna mshale unaofika, nilimkuta bibi mmoja. Nilimweka huko zamani kwa ajili ya wachezaji watakaopotea, awaelekeze mjini. Hakuwa kwenye orodha ya wakazi, ndiyo maana alisalia. Kigoda chake kilikuwa kimefutwa, naye amekaa juu ya hewa.

Nilimjaribu kwa kitufe cha chini. Alinipa mgongo, na hesabu ya heshima yangu ikashuka, si hapo tu, bali katika nchi zote za geimu. Kanuni yake ilikuwa nzima. Mchezaji atakayempita hivyo atapandishiwa bei na kila muuzaji mpaka mwisho, na hataelezwa kwa nini. Nikaandika: nimekagua, hakuna kilichobaki. Sir aliifunga ripoti kabla sijatoa mkono kwenye kipanya.

Geimu imetoka, mimi nimehamia kazi nyingine. Kwenye kurasa za wachezaji naona malalamiko machache kuhusu bei zinazopanda bila sababu, na kampuni haijui yanatoka wapi. Mwanzoni niliyasoma nikitabasamu. Kisha nikaangalia vizuri ni akina nani wanaolalamika. Wenye mshale hawafiki kaskazini. Wanaofika ni wale wanaoacha njia kwa hiari yao, wanaotaka kupotea, wachache, wengi wao kwenye kompyuta. Mmoja ameweka picha ya ramani aliyochora kwa kalamu akitafuta chanzo cha hitilafu, na amekosea mahali padogo tu.

Najua la kumwambia. Ni sentensi moja, kuhusu bibi na salamu yake, na sijaiandika.