Handaki la Kila Ngome

Dada yangu alianza kutembeza wageni kwenye ngome ya mji wetu akiwa na kiuno cha nyigu, akaacha akiwa na magoti yanayolalamika kwenye kila ngazi. Kazi yake ilikuwa ile ile. Anawapokea wageni getini, anawaonyesha kisima kisicho na mwisho, anawapandisha mnara alikojirusha binti mfalme kwa ajili ya mapenzi, kisha anawashusha kwenye handaki la siri linalotokea mtoni. Handaki lenyewe lina kigeti cha chuma chenye kufuli, kwa hiyo mgeni anachoona hasa ni kufuli. Nimeshuhudia watu wazima, wenye familia zao, wakipanga foleni kulipiga picha kufuli.

Yeye aliamini kila neno. Alirithishwa na mzee aliyemtangulia, na mzee naye alirithishwa na wa kwake. Ukimtania kuhusu handaki, siku hiyo chai yako inakuja haina sukari.

Alipostaafu, mkuu wa ofisi ya majengo ya kale alimwita. Alitaka kuirekodi sauti yake. Wageni watavaa vifaa masikioni na kuzunguka ngome nzima wakimsikiliza. "Mama, sisi wote tutapita, wewe utabaki humo," mkuu alimwambia, naye dada yangu, ambaye hakudondosha chozi hata bintiye alipoolewa, alilia kama mtoto. Walikubaliana arekodi akirudi safari, maana wanawe walikuwa wamemchangia zawadi ya kwenda nje ya nchi kutazama magofu ya wenzetu. Mtu ametumia ujana wake wote kwenye magofu, unamzawadia magofu. Ndio watoto wa siku hizi.

Tulikwenda watatu: yeye, mumewe, yaani shemeji yangu, na mimi niliyebebwa kwa sababu niliwahi kuendesha lori. Nchi hiyo wanaongea lugha yetu, ila wanaivuta kidogo, na barabara wamezigeuza, wanaendesha upande wa kulia. Kwenye gari la kukodi kila kitu kilikuwa kimehama. Nikitaka kuwasha indiketa, waipa zinafagia kioo kikavu.

"Shemeji," alisema shemeji kutoka kiti cha nyuma, "mvua inanyesha upande wako tu?"

Shemeji naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa ameogopeshwa na habari za watu kudaiwa mikwaruzo wasiyoifanya, basi kila tukisimama alilizunguka gari na kulipiga picha, taa, bampa, mpaka matairi. Safari nzima alirudi na picha za mlango wa nyuma wa gari, na nyuma ya mlango, kwa mbali sana, ukitumbua macho, kuna kasri.

Kasri hilo lilikuwa juu ya kilima. Msichana aliyetutembeza alitupeleka uani, akatupa kijiwe kisimani, akafunga macho, akatuambia kisima hicho hakina mwisho. Dada alimshika bega kama ndugu aliyepotea akapatikana.

"Kumbe na kwenu kipo!"

Alifurahi njia nzima. Hakuna aliyemfurahisha zaidi yake mwenyewe, akieleza jinsi watu wa zamani walivyojua kuchimba.

Kituo cha pili kilikuwa ngome ya bondeni. Kijana mmoja mwenye sauti ya kutangazia msiba alitupandisha mnarani, akasema hapo ndipo binti mfalme alipojirusha.

Dada hakutabasamu. "Kwa sababu gani?"

"Mapenzi, mama."

"Alimpenda nani?"

"Mtoto wa adui."

"Alivaa nini?"

"Nguo nyeupe, mama."

Tulirudi garini. Niliwasha waipa badala ya indiketa na hakuna aliyecheka. Shemeji, ambaye Mungu alimpa mambo mengi ila kunyamaza alimsahaulia, akauliza, "Na yule wako alivaa nyeupe?"

"Baba watoto, tazama mikwaruzo yako."

"Nasema tu. Labda ni binti huyo huyo mmoja. Alikuwa anazunguka."

Nilikata kona kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba mayai na bomu.

Ngome ya tatu ilikuwa na mtembezaji mzee, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni. Tulikuwa kundi la watu kama kumi. Tulipofika kwenye pembe ya ukuta, mzee alikohoa na kuinua mkono, lakini kabla hajafungua mdomo dada alimtangulia.

"Handaki. Linatokea mtoni. Mfalme alitorokea humo adui walipomzingira, na farasi wake akiwa amefungwa vitambaa kwato asisikike."

Mzee alimtolea macho. "Mama umeshawahi kufika hapa?"

"Sijawahi."

Wale wageni wengine wakamwona msomi mkubwa. Mama mmoja akamuuliza farasi alikuwa wa rangi gani. Dada aliwapa kisogo, akamvuta mzee pembeni, nami nikasogea.

"Mwenzangu, mimi ni mtembeza wageni kama wewe. Humu umewahi kuingia?"

Mzee alitazama kushoto na kulia, kisha akapekua funguo. Mtu wa kazi hamfichi mtu wa kazi. Akafungua kigeti, tukainama, tukaingia. Kulikuwa na mafagio, madumu ya maji, baiskeli ya mkata tiketi, na nyuma ya baiskeli, ukuta.

"Linaishia hapa?" dada aliuliza.

"Kwa wafagiaji linaishia hapa. Kwa wageni linafika mtoni."

"Na aliyekufundisha kazi?"

"Alikuwa na ufunguo pia."

Dada alisimama akiishika ile baiskeli. "Mimi wa kwangu," alisema, "hakunipa ufunguo."

Siku hiyo hakutaka kuona kitu kingine. Alikaa mbele kando yangu, mikono mapajani, barabara ikipita.

"Kaka, watu wangapi nimewalisha uongo?"

"Dada, hukujua."

"Sasa najua. Na wiki ijayo naenda kuwekwa masikioni mwa watu mpaka siku ya kiama."

"Si useme tu," shemeji alisema kwa upole, maana hata yeye alikuwa ameogopa. "Wanapenda. Nani ataumia?"

Tulirudisha gari, mwenye gari akalitazama mara moja, akapiga mwayo, akachukua ufunguo. Shemeji alimwonyesha picha zake kwa lazima.

Tulipofika nyumbani dada hakufungua hata begi. Alikwenda ngomeni akaomba kigeti kifunguliwe. Ufunguo haukuwepo, hakuna aliyewahi kuuona, ikabidi aitwe fundi na msumeno wa chuma. Dada alipiga magoti, magoti yale yale ya kulalamika, akaingia na tochi. Nilisubiri kumwona akipotea. Miguu yake ilibaki nje. Ni shimo la mtu kulala, kisha mwamba. Hata fagio moja hakuna.

Kwenye kisima waliteremsha kamba yenye jiwe. Kina mwisho. Tena si mbali.

Mkuu wa ofisi alimbembeleza mpaka koo likamkauka. "Mama, usinifanyie hivyo. Ukitoa handaki, kisima na binti mfalme, ngome inabaki na nini?"

"Kuta," alisema dada. "Na popo."

"Nani atavaa kifaa asikilize popo?"

"Basi mtafute mwingine awaambie la mtoni. Sauti yangu haiendi huko."

Lakini mwingine hakuwepo, na vifaa vilishanunuliwa. Dada akaingia kwenye kile chumba cha kurekodia, akasema anayoyajua: lango hili, ukuta huu unene wake, hapa askari walilala, hapa ni kisima na nimekiona mwisho wake, hapa ni shimo fupi nimeingia mwenyewe. Kwenye mnara alisema, "Hapa kuna upepo." Akatoka. Mkuu akataka nafasi zilizoachwa na hadithi zijazwe muziki wa zumari, dada akamwambia zumari akampigie mama yake.

Sasa wageni wanavaa vifaa. Kuanzia kisimani mpaka mnarani hawasikii kitu. Wanavitikisa, wanavipuliza, wanavigonga ukutani, kisha wanarudi kwenye dirisha la tiketi kulalamika vimeharibika. Mkata tiketi alichoka kueleza, akabandika karatasi kwenye kioo: Kifaa ni kizima. Mama amemaliza.